Mgonjwa wa demensia asiachwe peke yake wodini

Saa za kuona wagonjwa zikiisha, mlinzi hupita wodini akiwatoa ndugu. Kwa wagonjwa wengi huo ni utaratibu wa kawaida. Kwa mzee mwenye demensia ni hatari. Hajui yuko wapi, hawezi kueleza maumivu yake, na uji uliowekwa kando ya kitanda chake utapoa bila kuguswa. Muuguzi mwenye wodi nzima mikononi hana nafasi ya kukaa amlishe kijiko kwa kijiko, na hatumlaumu. Mzee akichomoa dripu kwa hofu, kuna wakati hufungwa mikono au hupewa dawa ya kumtuliza, na hapo vidonda vya mgongo na kuchanganyikiwa zaidi hukaribishwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya milioni 55 wana demensia, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Nchini Uingereza, kampeni iliyoanzishwa mwaka 2014 na waandishi Nicci Gerrard na Julia Jones, baada ya baba yake Nicci kudhoofika vibaya hospitalini, imezishawishi hospitali nyingi kuwaruhusu ndugu kukaa na wagonjwa wao.

Hospitali za Tanzania zina dirisha la wazee, yaani sehemu maalumu ya kuwahudumia. Ni hatua njema, ila haifiki kitandani. Tunaiomba Wizara ya Afya iagize ndugu mmoja wa mgonjwa wa demensia aruhusiwe kuwa naye usiku na mchana. Agizo hilo halihitaji mashine wala mfadhili.