Njumu za mtumba zikaguliwe soli, sio chata

NDONDO inapokaribia kuanza kwenye vijiji vya kusini mwa Mto Pangani, kinachowasumbua vijana sio mbinu za kocha. Ni njumu. Mkwaja sio mahali pa kuingia dukani ukachagua pea mpya ya namba yako. Njumu zinafika kwa njia ya mtumba, zimenunuliwa Tanga mjini au Dar es Salaam, na nyingine zimeshapita kwenye miguu ya watu wawili watatu hapo hapo kijijini kabla hazijamfikia dogo atakayezivaa Jumamosi.

Wapo wanaosema mtumba ndio unaua soka la vijana, upigwe marufuku. Hawa hawajawahi kusimama kwenye uwanja wa kijiji. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba ya nguo na viatu ndani ya miaka michache. Rwanda ikapandisha ushuru kweli, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu ya kuuza nguo zake huko bila ushuru. Wengine wakarudi nyuma, Tanzania ikiwemo. Mtumba upo, na bila huo mtumba nusu ya timu za mchangani zingecheza pekupeku.

Halafu kuna ukweli ambao wauza njumu mpya za bei chee hawapendi kuusikia. Mtumba orijino uliochakaa kidogo mara nyingi unaishi kuliko feki mpya. Feki inang'aa dukani, wiki ya pili soli imefungua mdomo kama samaki.

Kwa hiyo mtumba wenyewe hauna kosa. Kosa ni kwamba unanunuliwa kwa macho, na macho yanatazama chata. Dogo akiona alama ya kampuni fulani na rangi aliyoiona kwa Ronaldo, kamaliza, anatoa hela. Soli hajaigeuza. Nahodha hajaigeuza. Na siku ya mechi mwamuzi naye hajaigeuza.

Wapo watu duniani wanaokagua kitu kilichotumika kwa umakini kuliko wanasoka. Wapiga shabaha wa michezo huko Marekani na Ulaya huyaokota maganda ya risasi yaliyokwisha kufyatuliwa na kuyajaza upya. Hawachukui kila ganda. Wanayatenga kwanza kwa saizi na kwa alama iliyogongwa kwenye kitako. Lenye ufa shingoni linatupwa. Lenye mstari unaong'aa kuzunguka sehemu ya chini, karibu na kitako, linatiliwa shaka, maana pale shaba imeshaanza kuwa nyembamba na ganda linaweza kukatika vipande viwili ndani ya bunduki. Wengine hupitisha waya uliopindwa ncha kwa ndani ili wausikie mfereji ambao jicho halioni. Wanaandika hata limefyatuliwa mara ngapi. (Mkwaja imepakana na Hifadhi ya Taifa ya Saadani, mlio wa bunduki sio mgeni huko, kwa hiyo isemwe mapema: hapa nchini silaha na risasi ni mambo ya kibali chini ya sheria ya mwaka 2015. Asiende mtu kuokota maganda porini.)

Yule jamaa anafanya yote hayo kwa sababu ganda bovu litalipuka karibu na uso wake. Njumu mbovu hailipuki, na ndiyo maana inadharauliwa. Lakini goti likizunguka huku mguu umenasa ardhini, kwa kijana wa kijijini hapo ndipo mpira unapoishia. Hakuna klabu ya kumlipia upasuaji. Anatundika daluga na umri wake miaka 19.

Basi njumu ya mtumba inasomwaje? Mafundi viatu wanajua, na wanasoka wakongwe wanajua. Ikunje pale vidole vinapojikunjia. Ufa unaanzia hapo, na ukishaonekana upande mmoja wa soli mpaka mwingine, hakuna gundi itakayouponya. Pitisha ukucha kwenye maungio ya soli na ngozi. Ukikuta utando mgumu wa gundi uliovimba ujue imeshabandikwa mara moja, na joto la pwani litaifungua tena. Bonyeza kisigino kwa nyuma: kikilala kama kitambaa, kifundo chako hakina wa kukishika. Ingiza mkono ndani mpaka mbele. Kuna njumu zimepigwa misumari na fundi mwenye haraka, na msumari hauonekani mpaka dakika ya 30 soksi ikiwa imelowa damu.

Meno yanataka habari yake peke yake. Njumu nyingi za Ulaya zenye meno sita marefu ya kufunga kwa skrubu zilitengenezwa kwa ajili ya nyasi laini zilizolowa. Ndizo zilizowapa Wajerumani sifa kwenye fainali ya Kombe la Dunia 1954 pale Bern, mvua ikinyesha, walipowafunga Hungary 3-2. Bern ilikuwa tope. Uwanja wa kijiji wa kiangazi ni udongo uliopigwa na jua, na jino refu pale ama halizami, mchezaji anateleza kama yuko kwenye vigae, ama linanasa kwenye ufa wa ardhi na mguu unabaki wakati mwili umeshageuka. Njumu nzima kabisa, gredi ya kwanza, inaweza kuwa mbovu kwa uwanja ule. Meno mafupi mengi ndiyo yanayofaa. Na kwenye mchanga wa ufukweni njumu ya nini? Soka la ufukweni linachezwa pekupeku, na sheria zake zinakataza viatu.

Yapo pia meno yaliyolika kwa kutembelewa kwenye lami na saruji. Yakilika upande mmoja yanabaki na makali, na hayo hayamwumizi anayevaa. Yanamchana mwenzake.

Kwenye ligi kubwa mwamuzi anapita kwenye mstari kabla ya timu kutoka, wachezaji wanainua miguu, anatazama soli. Sheria namba 4 ya soka haimruhusu mchezaji kuvaa kitu cha hatari, na haisemi kwamba ni kwa viwanja vyenye nyasi tu. Mchangani sheria hiyo inatumika kumvua mtu hirizi au cheni. Chini hakuna anayetazama.

Wenye mashindano wana uwezo wa kulibadili hili bila kusubiri fungu kutoka popote. Dakika kumi kabla ya mechi, fundi viatu mmoja wa kijiji akae na mwamuzi pembeni ya uwanja, kila mchezaji apite na njumu mkononi, ikunjwe, iguswe, ivaliwe. Kelele zitakuwepo. Nahodha atasema straika wake ameonewa, mashabiki watasema fundi ni wa timu pinzani. Zivumiliwe. TFF na vyama vya wilaya vinavyotoa kozi za waamuzi viwafundishe kukagua njumu iliyotumika, sio ile mpya ya kwenye picha. Makao makuu ya TFF pale Karume, Ilala, ni jirani na soko la mitumba la Karume, lile lililoungua Januari 2022. Darasa lipo nje ya ukuta.

Na ile pea itakayokataliwa isirudi kwa kaka mdogo nyumbani. Hapo ndipo zinapofia nyingi: mkubwa ameambiwa haifai, mdogo anaivaa kesho yake kwa kujaza matambara mbele. Fundi aichukue siku hiyo hiyo, atoe kamba, meno yanayofunguka na kipande cha ngozi cha kuzibia nyingine, soli ikatwe katikati.