Sampu ya giaboksi haitibiwi kwa silikoni

Mimi ni fundi magari hapa Arusha. Wateja wangu wengi wana Prado na Land Cruiser za gia otomatiki, zinazopanda mawe ya Natron, Loliondo na Ngorongoro. Sampu ya giaboksi, yaani bakuli la oili lililo chini yake, inapovuja, mara nyingi gari hunifikia likiwa limeshapita kwa fundi aliyekaza bolti kwa nguvu zake zote, kisha akapaka silikoni ukingo mzima. Huko ni kuharibu gari, na wenye magari waache kulipia kazi ya namna hiyo.

Bolti hizo ni ndogo, za spana namba 10. Kwenye giaboksi nyingi za Toyota hukazwa kwa takriban newtonimita 7 tu, nguvu ya kiganja, si ya bega. Ukizidisha, bati la sampu hubonyea kwenye kila tundu, gasketi ikabanwa pale na kulegea kati ya bolti na bolti. Oili hupita hapo hapo. Ukizidisha tena, unang'oa nyuzi kwenye aluminiamu ya giaboksi yenyewe. Silikoni iliyosukumwa ndani nayo hukatika vipande, vikaweza kuziba chujio.

Wengine huambiwa waongeze oili waendelee na safari. Kwenye lami tambarare gari linaweza kufika. Kwenye mpando wa kutoka kreta ya Ngorongoro, oili iliyopungua hukimbilia nyuma ya sampu. Ikiuacha mdomo wa chujio, pampu huvuta hewa, presha hushuka, klachi za ndani huteleza na kuungua. Gharama ya gasketi imegeuka kuwa gharama ya giaboksi.

Kazi yenyewe haina siri. Shusha bati la kinga, osha giaboksi yote, endesha kidogo, kisha angalia oili inaanzia wapi. Mara nyingine inatoka kwenye sili ya nyuma au mipira ya kwenda rejeta, ikatiririka hadi kwenye sampu. Kama ni sampu kweli, ishushe. Tope laini la kijivu kwenye sumaku zake ni la kawaida. Vipande vya chuma ni dalili ya ugonjwa ndani. Kwangua ukingo wote, unyooshe juu ya mbao ngumu, weka gasketi mpya ikiwa kavu, kaza bolti kwa kupishanisha. Giaboksi ambayo kiwanda kiliifunga kwa gundi maalumu badala ya gasketi, fuata kitabu chake. Oili nayo iwe ya aina iliyotajwa kitabuni, si yoyote iliyo nyekundu.

Mwenye gari, ukiambiwa ni sampu, kabla hujalipa omba kuona sampu ikiwa imeshushwa, na gasketi kuukuu iliyotolewa. Fundi asiye na cha kukuonyesha hajatengeneza kitu, na gari hilo usilipeleke porini.