Mabalozi wa Sabuni Wamejaa Mjini, Mabalozi wa Nchi Wanapiga Fotokopi

Haya wadau, siku hizi Unguja kila mtu balozi. Yupo balozi wa sabuni, balozi wa simu, balozi wa vipodozi, balozi wa mafuta ya nywele. Ukienda Forodhani jioni unaweza kupishana na mabalozi watatu kabla hujafika kwenye juisi ya miwa. Hakuna ubaya, kila mtu anatafuta riziki yake.

Ubaya uko upande wa pili. Wale wanaosomea ubalozi wa kweli, yaani diplomasia, uhusiano wa kimataifa na utawala wa umma, ndio mabingwa wa kujua mashine ya fotokopi inafunguliwaje karatasi ikinasa.

Yupo dada mmoja wa Kikwajuni, jina kapuni. Mama yake anauza maandazi asubuhi na urojo jioni, na ada ya chuo imetoka humo humo. Alipopata nafasi ya mafunzo kwa vitendo kwenye ofisi moja kubwa mjini, mtaa mzima ulijua. Mama akamshonea baibui jipya, mjomba akatoa nauli. Wiki nane!

Wiki ya kwanza chai. Wiki ya pili fotokopi. Wiki ya tatu akatumwa Darajani kumnunulia bosi samaki. Siku ulipokuja ugeni kutoka nje, ofisi nzima ikaingia kikaoni, yeye akaambiwa akae mlangoni agawe maji. Mwisho bosi akasaini kitabu chake cha mafunzo, kurasa zote kwa mkupuo mmoja, akaandika "amefanya vizuri sana." Amefanya vizuri nini? Chai?

Sasa kamaliza chuo. Kila tangazo la kazi linataka uzoefu. Kila akirudi nyumbani anamwambia mama "bado kidogo", na mama anaongeza nusu kilo ya unga kwenye karai.

Halafu kuna wale wa hotelini. Kaka mmoja mwenye wafuasi wa kutosha, naye jina kapuni, anaandaa mikutano ya kuigiza Umoja wa Mataifa. Kiingilio unalipa, suti unaazima, unapewa kibao cha mezani "Mjumbe wa Ufaransa", unapigwa picha, unapewa cheti. Jioni Instagram imejaa kapsheni ndefu za Kizungu. Ukimuuliza huyo mjumbe wa Ufaransa msimamo wa nchi yake kwenye hoja ya siku ile, anakuangalia kama umemuuliza deni.

Tuwe wakweli, kuigiza mkutano si kosa. Mtu anajifunza kusimama mbele za watu, anajifunza kutetea hoja asiyoipenda na kupatana na aliyemzidi kura. Hilo zuri. Lakini mkutano ukiwa wa kiki tu, na mtoto wa Donge au Makunduchi akiachwa nje kwa sababu hana kiingilio, hapo hakuna diplomasia. Hapo kuna sherehe ya wenye suti.

Na kinachouma zaidi, hiki kisiwa si mgeni wa mambo haya. Mwaka 1840 meli ya Sultana ilitoka Unguja ikafika New York, ndani yake Ahmad bin Naaman, mjumbe wa Sayyid Said. Tena huko mbali. Njoo karibu: Dkt. Salim Ahmed Salim, mtoto wa visiwa hivi hivi, mwaka 1964 alikuwa balozi Misri akiwa na miaka 22. Miaka 22! Umri ambao leo kijana anatumwa samaki.

Na hakuokotwa barabarani. Alishakuwa kiongozi kwenye umoja wa wanafunzi wa Zanzibar na alishafanya kazi kwenye ofisi ya Wazanzibari kule Havana, Cuba. Shahada ya Delhi aliisoma akiwa tayari ni balozi India, na ile ya Columbia akaipata 1975 akiwa anatuwakilisha Umoja wa Mataifa. Kazi ilitangulia, vyeti vikamfuata. Mwaka 1979 akawa Rais wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, na kuanzia 1989 hadi 2001 akaongoza OAU. Chuo cha diplomasia cha Kurasini, Dar, kilichoanzishwa 1978 na Tanzania pamoja na Msumbiji, leo kina jina lake. Jina tunalibandika ukutani, lakini njia aliyopita tumeifunga.

Watakuja watetezi na majibu yao. La kwanza, "mambo ya nje ni ya Muungano, Zanzibar hakuna kitu." Si kweli. Mambo ya nje ni ya Muungano, sawa, lakini India, China na Oman wana balozi ndogo hapa hapa Unguja. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina makao yake hapa hapa. Kampasi ya IIT Madras iliyofunguliwa 2023 ilikuja kwa mazungumzo ya nchi na nchi, haikuletwa na upepo wa kaskazi.

La pili, "ofisini kuna siri." Jamani, muhtasari wa kikao cha usafi wa Mji Mkongwe nao ni siri? Barua ya kumkaribisha mgeni wa tamasha nayo ni siri?

Wenzetu mbona wanaweza? Wanafunzi wa Kimarekani wa programu ya SIT wanakuja Mji Mkongwe, wanakaa na familia, wanasoma Kiswahili, kisha kila mmoja anaingia fildi na utafiti wake mwenyewe, huyu Jozani, yule Chwaka. Anarudi kwao na kazi aliyoiandika kwa mkono wake. Mwenyeji aliyempikia pweza ana mtoto chuoni ambaye hajawahi kuandika muhtasari wa kikao hata kimoja.

Na kazi za kujifunzia zimejaa. ZIFF iko tangu 1998, Sauti za Busara tangu 2004, Ngome Kongwe inafurika wageni wa kila taifa. Wape wanafunzi dawati la kupokea wageni, kutafsiri, kutatua ugomvi wa viza na mizigo. Nenda Paje na Jambiani, akina mama wa mwani na wenye hoteli wanagombania pwani moja. Mwanafunzi akae kwenye kikao na sheha, aandike nani kasema nini na wamekubaliana nini, aandae ukurasa mmoja wa mapendekezo. Hiyo ndiyo diplomasia. Anayeweza kumpatanisha mama wa mwani na mwekezaji, New York hatishiki.

Vyuo navyo vibebe lawama yao. Mwalimu anayempeleka mwanafunzi ofisini bila kuandikiana na ofisi hiyo atapewa kazi gani, amemtupa. Iandikwe: vikao vingapi ataingia, barua ngapi atarasimu, nani atamsahihisha. Nauli ya daladala ilipwe. Nafasi zigawiwe wazi, zisiishie kwa watoto wenye mjomba ofisini. Na ofisi ikishindwa, mwaka unaofuata isipelekewe mtu, ijipikie chai yenyewe.

Yule dada wa Kikwajuni bado yupo nyumbani. Juzi duka moja la vipodozi limemfuata, wanamtaka awe balozi wao. Anasema atakubali, maana wao hawakumuuliza uzoefu.

Na wewe mdau, fildi yako ulifanya nini? Funguka hapo chini, ila majina ya ofisi yaache kapuni.