Bastola Chini ya Shati



Miongoni mwa wafanyabiashara wetu wa Mkuyuni, na hasa wale wanaoteremka mialoni alfajiri wakiwa na fedha taslimu za kununulia samaki, si ajabu kusikia swali hili: ni bastola ipi inayofaa kubebwa chini ya shati bila kuonekana? Mmoja husifu Glock 19 ya Austria, kwa kuwa hubeba risasi 15. Mwingine hupendelea Makarov, iliyoanza kutumiwa na jeshi la Kisovyeti mwaka 1951, yenye risasi 8. Wa tatu hutaka rivolva ndogo ya risasi 5, kwa kuwa haina mambo mengi.

Hatuwabezi hata kidogo. Hofu yao ina sababu. Mwezi Oktoba 2012, Kamanda wa Polisi wa Mkoa wetu, Liberatus Barlow, aliuawa kwa risasi usiku, humu humu jijini. Kanisa lenyewe hufundisha kwamba kuulinda uhai ni haki, na kwa mwenye dhamana ya maisha ya wengine ni wajibu, mradi nguvu itumikayo isizidi kiasi. Nayo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamruhusu raia kumiliki silaha kwa leseni.

Basi na tulinganishe, lakini tulinganishe yote. Bastola ndogo hufichika vema, ila mtutu wake mfupi hufanya shabaha kuwa ngumu, na wepesi wake huifanya iruke mkononi. Glock haina kifungio cha kusogezwa kwa kidole gumba: risasi ikishakuwa tayari ndani, atakayevuta kifyatuo ameifyatua. Makarov inacho kifungio hicho, lakini mkono usiofundishwa, ukishikwa na hofu, hukisahau. Rivolva yenye risasi haihitaji maandalizi yoyote. Kwa maneno mengine, silaha iliyo tayari kwa jambazi i tayari vilevile kwa mtoto anayepekua chini ya godoro.

Aidha, jambazi huja kwa saa aliyoichagua yeye, pengine asije kamwe. Bali bastola huwa nasi saa zote: baa, katika ugomvi wa deni, na chumbani. Mwezi Mei 2022, wilayani Ilemela, mume alimuua mkewe kwa bastola, kisha naye akakutwa amekufa ziwani. Wazee walisema hasira hasara, nao walisema hivyo wakati hasira ilipokuwa na fimbo tu mkononi.

Petro naye alikuwa na upanga usiku ule wa Gethsemane. Hakumwokoa Bwana wake kwa huo. Alichopata ni sikio la mtumishi, na Bwana akamwamuru aurudishe alani.

Kwa hiyo, tunaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo na Halmashauri za Walei zilitafakari jambo hili bila woga. Mwenye leseni ajiulize: silaha yangu hulala wapi? Je, imefungiwa, na risasi zimetengwa nayo? Nikinywa pombe, huwa iko kiunoni? Mke wangu na watoto wangu hulala kwa amani, au mimi ndiye ninayeogopwa? Mwenye silaha isiyo na leseni aisalimishe Polisi. Na anayetamani kununua kwanza ajaribu yaliyo karibu: kulipa kwa simu badala ya kubeba mabunda, kwenda mwaloni pamoja na wenzake, kubadili njia na saa za kurejea.

Akiisha kufanya hayo yote na bado akaona hana budi, aanze kwa kupima moyo wake na nyumba yake, ndipo apime urefu wa mtutu. Muuzaji wa silaha hatampimia hayo. Atapimiwa na mkewe, akimwuliza naye akasikiliza jibu.