Bi harusi mpishi: kazi ya jikoni Sitalike tuipime kabla ya kusaini



Msimu wa harusi ukikaribia mazungumzo yetu huwa ni yale yale: gauni, hina, ukumbi na biriani ya shughuli. Leo tuzungumze kazi, hasa upishi wa hotelini na kwenye kambi za watalii. Wasichana wetu wanausomea, na wengi wao wanaposwa katika umri ule ule ambao ajira ya kwanza inakuja.

Tuchukue mfano. Msichana wa Unguja kamaliza mafunzo ya upishi na ndoa yake ni baada ya Idi. Mara anapata nafasi katika kambi ya watalii upande wa Sitalike, mkoani Katavi, kwa mkataba wa msimu wa kiangazi. Mama analia. Mchumba kanyamaza. Shangazi anasema kazi za hoteli si za mtoto wa watu. Tumwambie nini?

Wapo watakaomwambia "nenda, maisha ni yako", na wapo watakaomwambia "kaa, mume ndiye riziki yako". Sisi hatukubaliani na jibu lolote kati ya hayo mawili, kwa sababu yote yanatolewa bila ya kuuliza jiko lenyewe likoje.

Sitalike ni wapi?

Ni kijiji kilicho kusini ya mji wa Mpanda, kiasi cha kilomita 40 hivi, kwenye barabara inayokwenda Sumbawanga. Hapo ndipo yalipo makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1974 na yenye eneo la kilomita za mraba 4,471. Mto Katuma unapita hapo. Kiangazi maji yakipungua, viboko hujazana kwenye madimbwi yaliyobaki mpaka wanapandana migongo. Watalii hufika zaidi kati ya Juni na Oktoba. Masika yakishika na njia kuwa tope, kambi nyingi hufungwa.

Kutoka kwetu ni boti hadi Dar es Salaam, kisha safari ya zaidi ya kilomita elfu moja kwa basi, au treni kupitia Tabora na Kaliua hadi Mpanda. Huko si Nungwi, ambako ukimkumbuka mama unapanda daladala na jioni uko nyumbani.

Faida zake

Ya kwanza ni kwamba huu ni ujuzi tuliokwishaanza nao. Mtoto wa kike wa visiwani anajua nazi ya kwanza na ya pili, anajua pilau inataka moto wa namna gani, anajua mkate wa kumimina umeiva kwa kuutazama tu. Lakini angalia ajabu hii: nyumbani mpishi ni mwanamke, ila likishatengwa sufuria la shughuli, au jiko likiwa na mshahara, mara nyingi aliyeshika mwiko ni mwanamme. Forodhani usiku hesabu wapishi utuambie. Msichana anayesoma kazi hii anakwenda kulipwa kwa kile ambacho bibi zake walikifanya miaka yote bila ya malipo.

Ya pili ni cheti na ngazi. Upishi unasomwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, Chuo cha Taifa cha Utalii na vyuo vya VETA. Jiko la hoteli lina vyeo, utaratibu uliojengwa na Mfaransa Auguste Escoffier katika hoteli kubwa za Ulaya mwishoni mwa karne ya 19. Unaanza kumenya vitunguu na kuosha mboga, unakabidhiwa sehemu yako, mwisho unaongoza jiko zima. Ujuzi huo unahamishika. Mume akihamishiwa Muscat, Mombasa au Tanga, mke naye anabeba kazi yake.

Ya tatu ni mali. Katika dini yetu mshahara wa mke ni wake, na nafaka inabaki juu ya mume. Bi Khadija, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa mfanyabiashara kabla ya kuwa mke wa Mtume, rehema na amani zimshukie, na hakuna aliyemuona pungufu kwa hilo. Tena kambini chakula na malazi kwa kawaida ni vya mwajiri. Dada mwenye mpango anaweza kumaliza msimu na sehemu kubwa ya mshahara wake iko mkononi.

Ya nne ni kwamba Katavi yenyewe ina cha kumfunza mpishi. Mkoa ule unalima mpunga, misitu yake ina asali, na Ziwa Tanganyika linatoa migebuka na dagaa. Mpishi wa pwani akikutana na vitu hivyo anarudi na mapishi ambayo wenzake hawana.

Sasa uzito wake

Kwanza, mwili. Mgeni anayetoka alfajiri kutizama wanyama anataka chai na mkate kabla ya jua. Huyo huyo jioni anakula saa mbili au tatu za usiku. Katikati kuna chakula cha mchana. Mpishi anasimama siku nzima mbele ya moto, visu na mafuta yanayochemka. Miguu huvimba, mikono huungua. Kiza kikiingia viboko na tembo hutembea kambini, na hutoki jikoni kwenda hemani peke yako, unasindikizwa. Kuna malaria, kuna na mbung'o. Hapa shoga zangu sikilizeni vizuri: mbung'o anavutiwa na rangi nyeusi na ya buluu. Buibui letu jeusi linamwita. Huko chukua mavazi mapana ya kaki au ya rangi ya udongo. Sitara ni ile ile. Na jikoni mtandio uwe wa pamba, mfupi na uliobanwa vizuri. Kitambaa cha nailoni karibu na moto kinayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Koti la mpishi lenyewe halina tatizo, lina mikono mirefu na ni zito.

Pili, halali na haramu, na hili ndilo zito kuliko yote. Asubuhi wageni wengi wanataka nyama ya nguruwe. Sosi nyingi za Kizungu zina divai, keki nyingine zina ramu. Watu husema "wewe hauli, unapika tu". Lakini mpishi asiyeonja si mpishi. Kuonja ndiyo kazi yenyewe. Na kwa ulevi, mafundisho yetu hayakumuonya mnywaji peke yake, yamemtaja na anayebeba na anayepelekea. Dada anayesema atajua mbele ya safari atajikuta siku moja kijiko kimo mkononi na mkuu wa jiko anasubiri jibu. Jambo hili linazungumzwa siku ya usaili. Yapo majiko yatakayomuweka kwenye mikate, mboga au samaki bila ya ugomvi. Yapo yatakayokataa, na hapo ndipo tunamwambia asiende, hata mshahara ungekuwaje.

Swaumu ina wepesi wake. Wanazuoni wameruhusu mfungaji mwenye haja kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema, bila ya kumeza. Na Ramadhani ya 2026 inaangukia Februari na Machi, kisha kila mwaka inarudi nyuma kiasi cha siku 11. Kwa miaka michache ijayo, basi, itakuwa nje ya msimu wa Katavi, na mpishi wetu anaweza kufuturu kwao.

Tatu, ndoa. Miezi mitano ya mwanzo wa ndoa mkiwa mbali mbali si jambo dogo. Mawasiliano ya simu porini si ya kutegemea. Mke akisafiri bila ya ridhaa ya mumewe, hata haki yake ya nafaka inaingia dosari kwa wanazuoni wetu. Na suala la safari bila ya mahram lina mjadala mrefu: wapo wanaolishikilia kwa kila safari, wapo wanaotazama usalama wa njia na wenza anaokwenda nao. Muulize shekhe unayemjua na anayekujua, kwa kumueleza hali yako yote.

Ya kuyamaliza kabla ya kusaini

Bi harusi wetu ayaweke mezani mambo haya matano.

1. Ridhaa ya mume mtarajiwa, mbele ya walii, kabla ya nikaha. Wanazuoni wanatofautiana sharti la namna hii linamfunga mume kiasi gani. Wasichotofautiana ni kwamba ahadi za ndoa zina haki kubwa ya kutimizwa. Mchumba aliyenyamaza hajakubali. Aseme.

2. Mkataba wa maandishi. Sitalike iko Bara, na sheria inayomhusu ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, si ile ya Zanzibar. Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Anastahiki mapumziko ya saa 24 kila wiki.

3. Uzazi. Likizo yake ni siku 84 kwa malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja. Bi harusi leo anaweza kuwa mja mzito kesho, kwa hivyo aulize mkataba wa msimu unaihesabu vipi likizo hiyo.

4. Malazi. Hema la wanawake liko wapi, analala na nani, nani anamsindikiza usiku, wapi anaswali.

5. Sehemu yake jikoni, iandikwe: hashiki nguruwe wala ulevi.

Yote matano yakikaa sawa, sisi tunasema aende, tena kwa hesabu: msimu mmoja au miwili, si maisha. Arudi na mtaji na mkono uliokomaa, afungue jiko lake la shughuli za harusi, wanawake wapikie wanawake. Au kama Allah kamuandikia yeye na mumewe kukaa kule, barabara ya Mpanda na Sumbawanga inapita Sitalike, na msafiri Muislamu daima anatafuta mahali pa kula kwa amani.

Moja likikataa, asijione kashindwa. Mkono uliojua kupika haupotezi kazi kwa kusubiri mwaka. Ndoa iliyoanza kwa kufichana, au rizki iliyoanza kwa kufumba macho, kuitengeneza baadaye ni tabu kweli kweli.

Na nyinyi mama zetu, shangazi na mama wakwe, tuna ombi moja. Kabla ya kusema kazi za hoteli si za mtoto wa watu, muulizeni jiko likoje, analala wapi na kakubaliana nini na mumewe. Majibu yakiwa mazuri, mfungieni na achari ya embe aende nayo.

Allah awape mabinti zetu rizki ya halali na ndoa zenye utulivu. Amin.