Mnataka Meza ya Wawili? Chukueni, Ila Msituhamishe Sisi

Leo hakuna umbea wa nani kaachwa na nani. Leo nina hasira, na najua nusu yenu mkimaliza kusoma mtanishukia kama mwewe. Poa tu, karibuni.

Kuna kapo moja kubwa hapa mjini, majina nayaweka kapuni kwa sababu sina hela ya wakili. Mmoja anaimba, mwingine anaposti. Wiki mbili zilizopita walipanda boti ya machweo, ile ya kulipia kwa kichwa, mnazungushwa baharini huku mnakula na muziki unapiga kwa mbali. Meza za humo ni ndefu, watu wanakaa sita sita. Kwenye meza waliyopangiwa wakakuta familia: baba, mama na watoto wawili. Jamaa akamvuta mhudumu pembeni, akamwambia yeye hawezi kula na watu asiowajua. Familia ikahamishiwa nyuma karibu na injini, kwenye harufu ya dizeli. Baba wa watu alilipa vichwa vinne. Staa alilipa viwili (na huenda hata hivyo viwili hakulipa, maana mastaa wetu wanapenda sana kupanda kwa jina). Aliyenihadithia ndiye aliyebeba sahani za hiyo familia kuzipeleka nyuma.

Kesho yake picha ikatoka. Glasi mbili, jua linazama, maneno "sisi wawili tu". Na nyinyi mkamiminika: kapo bora, Mungu awatunze, na mimi nipate wa hivi.

Sasa tuongee.

Watetezi wao wanasema eti ndivyo wanavyoishi Wazungu kwenye zile meli kubwa za starehe, kwamba mtu mstaarabu hachanganywi na wageni. Nani kawadanganya? Kwenye meli kubwa desturi ya miaka mingi ilikuwa kinyume kabisa. Ukipanda unapewa namba ya meza na saa ya kula, zamu ya kwanza au ya pili, na meza hiyo ndiyo yenu mpaka safari iishe, wewe na watu ambao hujawahi kuwaona maishani. Mume na mke wanatoka zao Uingereza kula raha, wanajikuta wiki nzima wanapitishiana chumvi na mwalimu mstaafu na mjane wa mtu. Mwaka 2000 kampuni ya Norwegian Cruise Line ndiyo ikaja na mtindo wake wa Freestyle, kula saa utakayo na umtakaye, na wengine wakafuata kwa namna zao. Na hata sasa zipo meli zinazokuuliza: unataka meza yenu au ya kuchanganyika? Hapo ndipo pa kuangalia. Wanauliza kabla. Hakuna anayenyanyuliwa kwenye kiti chake akiwa tayari kashika uma.

Na huku kwetu ndiyo kabisa. Nenda Fumba kule Unguja ukapande Safari Blue. Jahazi moja, watu wa kila namna, mnaogelea, mnashushwa kisiwa cha Kwale, samaki na kamba wanachomwa, mnakula pamoja mlivyo. Au usiende mbali, shuka Kunduchi uchukue boti ya Mbudya. Kile ni kisiwa cha hifadhi tangu mwaka 1975, yeye na Bongoyo na Pangavini na Fungu Yasini, kwa hiyo usitegemee hoteli. Kuna mabanda ya makuti, samaki na chipsi, basi. Likijaa unamwuliza mwenye meza, "Samahani kaka, hapa kuna mtu?" Anasogeza begi, unakaa. Nimeona watu wanatoka pale na namba ya simu ya fundi, wengine na mchongo wa kazi, na jamaa yangu mmoja alitoka na mchumba. Angekaa na sahani yake kwenye kona peke yake angetoka na mchanga kwenye viatu.

Mimi nakaa Mwenge, chakula changu cha mchana ni benchi la mama ntilie, buku mbili na nusu, wali maharage na kipande cha samaki siku njema. Kwenye benchi hilo anakaa mchongaji mwenye vumbi la mpingo mikononi, konda, mwanachuo wa Mlimani, na dada wa ofisini aliyekunja sketi yake vizuri isiguse mchuzi. Ukipita mtu anakula anakwambia "karibu". Unajibu "asante, starehe". Hakujui, na wala hategemei umege tonge lake, ila amekuhesabu kuwa ni mtu. Na cha kuchekesha, hapo hapo jirani sokoni kwenye vinyago wanauza zile kazi za ujamaa, watu wamebebana kwenye gogo moja mpaka juu, na wanaozinunua sana ni watalii. Tunawauzia wenzetu kinyago cha kuishi pamoja, halafu sisi tunaenda kutafuta meza yenye mshumaa ambayo haina majirani.

Bibi yangu upande wa mama ni mtu wa pwani. Kwao sinia moja la pilau ni la watu wanne mpaka sita, na lina sheria zake. Unakula upande wako. Huchimbi katikati kutafuta nyama, anayegawa ni mkubwa. Huinuki wa kwanza ukamwacha mgeni anaona aibu kuendelea. Mtoto anafundishwa kutokuwa mroho pale pale kwenye sinia, hakuna mtu anamhutubia. Sasa mtoto aliyehamishwa kwenye boti kafundishwa nini siku ile? Kafundishwa kwamba baba yake anaweza kunyanyuliwa na mtu mwenye wafuasi wengi.

Tusiishie kwa mastaa, maana na sisi uswazi tumeanza. Harusini mnachanga kadi ya dabo, mnakaribishwa, kamati imepanga meza za duara za watu kumi. Kapo inafika, inakaa, inaweka mkoba kwenye kiti cha kulia na koti kwenye kiti cha kushoto. Ukiuliza, "pana watu". Watu gani? MC anafungua chakula, viti bado vina mkoba na koti, na shangazi wa bwana harusi kasimama ukutani na sahani yake. Kaka, dada, dabo ni viti viwili. Siyo meza.

Haya, kuna kundi moja lina haki ya kunikasirikia na nalijua. Ni nyinyi mnaoishi chumba kimoja kwenye nyumba ya kupanga, wapangaji wanane, uwani pamoja, ukuta haujafika juu, ukikohoa jirani anakupa pole. Kwenu kutoka wawili mwisho wa mwezi ndiyo nafasi pekee ya kuongea mambo ya kodi, ya mimba, ya mama mkwe, bila redio ya mtu kuzimwa ili wasikie vizuri. Siwagusi. Tokeni, kaeni kona, zimeni simu. Ila nimewaona mkienda: mnachagua meza ya mwisho karibu na choo pale kwenye chipsi, mnanong'ona zenu, na hamjamhamisha mtu. Mwenye shida ya kweli ya faragha huwa hana kelele nayo.

Ninaowasema mimi ni wale walioigeuza kuwa sheria ya mapenzi. Kwamba mwanaume asiyekupeleka kwenye meza ya wawili yenye maua hakupendi. Vijana wanakopa kwenye simu, wanaingia songesha ya laki na nusu kwa usiku mmoja, halafu wiki tatu wanamkwepa mpenzi huyo huyo kwa sababu laini inakatwa kila hela ikiingia.

Na kuna jambo zito kuliko hela. Nina rafiki, tumesoma wote shule ya kata, binti mcheshi mpaka mwalimu wa zamu alikuwa anacheka. Akapata mtu. Mwanzoni tulimwonea wivu, kila Jumamosi meza ya wawili, kila picha wawili. Tukimwalika, "mtu wangu hapendi makundi". Siku yake ya kuzaliwa, wawili. Mdogo wake kamaliza form four, hakuja kwenye sherehe, walikuwa na mtoko wao. Ilituchukua mwaka na zaidi kugundua kwamba anapigwa. Mwaka! Kwa sababu hakuna aliyekuwa amekaa naye meza moja akaona anavyoshtuka jamaa akinyoosha mkono kuchukua chumvi. Meza yenye watu wengine ina macho. Mtu anayejibu kwa niaba yako, anayekuchagulia chakula, anayekunja uso ukicheka, watu sita wataliona kabla ya juisi haijaisha. Ndiyo maana wengine hawaitaki.

Sisemi kila kapo inayokula peke yake kuna mtu anapigwa, msinilishe maneno. Nasema mkiona mtu ambaye hata siku moja hawezi kumkalisha mpenzi wake na watu, msikimbilie kuandika kapo bora.

Wapo watakaokuja na ile hoja ya vijiweni: ukimkalisha demu wako na wanaume wengine wanamtongoza. Bro, kama uhusiano wako unavunjwa na mtu aliyeomba kupitishiwa pilipili, ulikuwa umeshavunjika mkiwa nyumbani. Na anayetaka kumtongoza hahitaji meza, ana Insta. Wengine watasema wageni wanaboa, wanaongea siasa, wanauliza mtazaa lini. Kweli kabisa, wanaboa. Mimi mwenyewe nimewahi kukaa na mzee akanieleza habari za figo zake kuanzia supu mpaka matunda. Nikala, nikamwambia ugua pole mzee wangu, nikaenda zangu. Sikumwita meneja.

Kwa wenye boti. Yule kijana wenu mnamwacha katikati ya moto. Akimkatalia staa anaweza kukosa kazi kesho, akimkubalia anamdhalilisha baba mbele ya wanawe, na hela mmepokea za wote. Andikeni kwenye tangazo, mapema, kwa herufi kubwa: meza zetu ni za watu sita. Anayetaka kukaa peke yake na mtu wake alipe viti vyote sita, au akodi boti nzima aweke na mishumaa arobaini akipenda. Halafu msimamizi asimame mwenyewe kulisema hilo, asimtume mtoto wa watu anayelipwa kwa siku.

Nimesikia kapo yetu pendwa ina safari nyingine ya majini mwezi ujao. Wenye boti, mmesoma.