Breki Inayong'ang'ania Haipigiwi Ramli

Gari la miaka 15 au 20 likianza kuvuta upande mmoja na kutoa harufu ya kuungua kwenye tairi la mbele, wenye magari wengi hufanya jambo lilelile. Wanapita dukani, wananunua pedi mpya, wanampelekea fundi azifunge. Mambo yanatulia kwa muda. Kisha harufu inarudi, na ukifungua gurudumu unakuta pedi moja kati ya zile mpya imekwisha hadi chuma. Sisi tunasema pedi hazikuwa na kosa. Mwenye kosa ni kalipa iliyoshika ikakataa kuachia, na kalipa haiponi kwa kufungiwa pedi.

Magari tunayoendesha yalikwisha kula chumvi kwingine. Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka 8 kuingia nchini. Tanzania inaliruhusu, ila ushuru unapanda kadiri gari linavyozeeka. Likishaingia linakaa nasi miaka mingine 10 na zaidi, na mara nyingi mipira iliyomo ndani ya breki ni ileile iliyofungwa kiwandani Japani. Mwenye gari hubadilisha oili ya injini, hubadilisha plagi, hupaka bampa rangi. Kalipa huikumbuka ikinuka.

Inafaa mtu ajue breki ya diski inaachiaje, maana humo ndimo ugonjwa unamoanzia. Ndani ya kalipa hakuna springi ya kurudisha pistoni nyuma. Kuna sili ya mpira iliyozunguka pistoni, na watu hudhani kazi yake ni kuzuia mafuta yasivuje tu. Ukikanyaga pedali, pistoni inasogea mbele na sili inajipinda pamoja nayo. Ukiondoa mguu, sili inajinyoosha na kuivuta pistoni nyuma kwa sehemu ndogo ya milimita. Basi. Kuachia kote kunategemea unyumbufu wa kipande hicho cha mpira. Sili ikikauka, au pistoni ikiota kutu, pedi zinabaki zimekumbatia diski njia nzima.

Kalipa nyingi za magari madogo pia hutembea juu ya pini mbili. Pistoni iko upande wa ndani peke yake. Inasukuma pedi ya ndani, na mwili mzima wa kalipa unateleza juu ya pini ili kuivuta pedi ya nje. Vifuniko vya mpira vya pini vikipasuka, maji na vumbi vinaingia, grisi inageuka uji mweusi, na pini zinaganda. Ukikuta pedi ya ndani imekwisha na ya nje bado ni nene, anza kushuku pini au pistoni. Pedi ikiwa imelika mshazari, mara nyingi pini moja inateleza na mwenzake amekwama.

Kabla ya kufungua chochote, gari lizungushwe kilomita chache bila kukanyaga breki sana, lisimamishwe taratibu, kisha joto la magurudumu mawili ya mbele lilinganishwe. Mkono usogezwe karibu na ringi, usiguse: diski inayoburuta huunguza vibaya. Kipimajoto cha kumulika si ghali, na gereji yoyote inayojiheshimu ingekuwa nacho. Gurudumu moja likiwa la moto na mwenzake vuguvugu, mgonjwa amepatikana. Kuvuta usukani peke yake hakutoshi kuwa ushahidi. Kalipa inayoburuta huvuta gari kwenye upande wake hata mguu ukiwa mbali na breki, lakini kalipa iliyoganda kiasi cha kutobana kabisa hulivuta gari upande wa pili pale unapofunga breki. Wengi wamefungua gurudumu lisilo na tatizo kwa sababu hiyo.

Sasa jeki. Na jeki peke yake haitoshi, gari likae juu ya stendi. Msaidizi akanyage breki na kuachia, fundi azungushe gurudumu kwa mkono. Likigoma, alegeze skrubu ya kutolea upepo iliyo kwenye kalipa. Hapa ndipo ukweli unapojitenga na ramli. Mafuta yakiruka kwa nguvu na gurudumu likawa huru papo hapo, kalipa ni nzima. Kuna presha iliyofungiwa huko nyuma yake. Skrubu ikilegezwa na gurudumu likabaki limeshikwa, tatizo ni la chuma: pistoni, pini, pedi zilizoganda kwenye vikalio vyake kwa kutu, au waya wa handbreki kama ni kalipa ya nyuma yenye handbreki ndani yake.

Presha iliyofungiwa ina mshukiwa mmoja ambaye mafundi wetu humsahau, nao ni mpira wa breki, ule unaounganisha bomba la chuma na kalipa. Nje unaweza kuonekana mzima kabisa huku ndani umevimba au umechanika. Mguu una nguvu ya kupitisha mafuta kwenda mbele. Kurudi, hayana wa kuyasukuma. Kuuthibitisha ni rahisi: gurudumu likiwa limeshika, legeza kiungo cha juu cha mpira, pale unapokutana na bomba la chuma. Kama halikuachia hapo lakini linaachia kwenye skrubu ya kalipa, mpira umeziba. Kama linaachia hapo juu, mpira uko salama na macho yahamie kwenye masta silinda. Magurudumu yote mawili ya mbele yakishika kwa pamoja, masta silinda ichunguzwe kwanza, hasa kama ilibadilishwa karibuni na fimbo inayoisukuma haikuachiwa nafasi.

Uchunguzi wote huu hauhitaji spea hata moja, na hapo ndipo palipo na kiini cha maoni yetu. Tumezoea kulipia kitu tunachokishika mkononi. Mteja haoni tabu kutoa fedha ya pedi, ya kalipa, hata ya diski, ila fundi akimwambia kuna malipo ya kuchunguza, anauliza amefanya nini. Fundi naye ana watoto wa kulisha. Anajifunza haraka kwamba akili yake haina bei na boksi la pedi lina bei. Basi anauza boksi. Tusimlaumu yeye peke yake. Mteja anayetaka breki zake zipone akubaliane na fundi malipo ya uchunguzi kabla ya jeki kuingia chini ya gari, na adai kuoneshwa skrubu ikilegezwa na gurudumu likiachia au kugoma. Akifanya hivyo, mara nyingi ataondoka amelipia mpira, sili na grisi, vitu ambavyo kwa pamoja bei yake haifiki ya kalipa.

Matengenezo yenyewe hayana uchawi, ila yana uchafu wa mazoea unaostahili kusemwa waziwazi. Mipira ya breki haioshwi kwa petroli. Haipakwi oili ya injini, wala grisi ya kawaida ya bearingi. Mpira wa aina hii hupatana na mafuta ya breki na huvimba ukikutana na bidhaa za petroli. Fundi anayeosha sili kwa petroli ili ing'ae anarudisha ndani ugonjwa uleule aliolipwa kuutoa. Kuoshea ni mafuta ya breki mapya au dawa maalumu ya kusafishia breki, na pini zipakwe grisi ya silikoni au nyingine iliyotengenezwa kwa ajili ya breki. Na yule anayeongezea oili ya gia kwenye kikopo cha breki kwa sababu mafuta ya breki yamekwisha dukani amehukumu kila mpira ulio kwenye mfumo mzima, kuanzia masta silinda hadi gurudumu la nyuma.

Kalipa ikifunguliwa isiachwe ining'inie kwa mpira wake. Ifungwe kwa waya kwenye springi ya gari. Pistoni itolewe kwa presha ya pedali, au kwa upepo kidogo wa kompresa huku kipande cha ubao kimewekwa mbele yake na vidole viko mbali. Pistoni hutoka kama risasi. Madoa madogo ya kutu husafishika. Ikiwa uso wa pistoni umetobokatoboka mahali sili inapopita, itupwe, kwa sababu itachana sili mpya. Pini mbili zisichanganywe nafasi, maana kwenye magari mengi moja ina kipande cha mpira nchani na nyingine haina. Pistoni za nyuma zenye handbreki nyingi hurudishwa kwa kuzungushwa. Ukizikandamiza kwa klampu umeziua. Mwisho upepo utolewe, na pedali ipampuliwe hadi iwe ngumu kabla gari halijasogea hata hatua moja. Pedali ya kwanza baada ya kazi hii huzama hadi chini, na kuna ukuta wa gereji zaidi ya mmoja ulioligundua hilo.

Kuhusu kalipa za mtumba, zinazouzwa kwa wingi Gerezani jijini Dar es Salaam na Kirinyaga Road jijini Nairobi, hatuna ugomvi nazo. Ila mnunuzi akumbuke kwamba kalipa iliyotoka kwenye gari lililokatwa ina umri sawa na aliyoitoa. Kama atainunua, ainunue kwa ajili ya mwili na pistoni, na sili mpya azifunge kabla haijapanda kwenye gari.

Mafuta ya breki yanastahili neno lake. Hunyonya unyevu kutoka hewani, na kwa wanaoishi Tanga, Mombasa au Unguja hewa yenyewe ni maji. Unyevu huo ndio unaozaa kutu ndani ya kalipa. DOT 3 mpya haichemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji ya karibu asilimia 3.7, kiwango cha chini kinachokubalika ni nyuzi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa na maji. Sasa chukua gari lenye kalipa inayoburuta na mafuta ya miaka 10, lipakie familia na mizigo, uliteremshe mlima Kitonga. Diski inayosuguliwa bila kupumzika hupita nyuzi 200 bila shida, joto linapenya kwenye pistoni, mafuta yanachemka, mvuke unajaa kwenye bomba, na pedali inazama. Kubadilisha mafuta hayo kila miaka miwili ni gharama ndogo kuliko kulijaza gari mafuta ya safari hiyo.

Lipo jambo moja ambalo hatulisemi kwa upole. Wapo mafundi wanaoitibu kalipa inayoshika kwa kuiua: wanaziba bomba la gurudumu hilo kwa boliti au kulikunja na kulifinya, gari linaacha kunuka, mteja anashukuru. Gari hilo sasa linafunga breki kwa gurudumu moja la mbele. Siku ya mvua, dereva akikanyaga kwa ghafla, usukani unamtoka mkononi na gari linamgeukia. Fundi anayefanya hivyo asiitwe mbunifu, na mteja anayemwomba afanye hivyo ili aokoe bei ya sili awajibike pamoja naye.

Ukaguzi unaoishia kwenye taa, honi na kashata za tairi hauwezi kuliona boliti hilo, hata kama gari limebandikwa stika ya ukaguzi ya Nenda kwa Usalama kwenye kioo. Mashine za roli hupima breki ya kila gurudumu peke yake na kuonesha tofauti ya kushoto na kulia; magari ya zamani yapitishwe hapo kwanza. Pasipokuwa na mashine, mkaguzi atumie jeki: ainue gurudumu la mbele, lizungushwe kwa mkono, breki ikanyagwe, iachiwe, lizungushwe tena. Kisha ahamie upande wa pili. Ni kazi ya dakika chache kwa gari, na kijana yeyote wa gereji anaijua.